Je, Wajua? Chai kwa Majina Yake

Je, wajua kuwa maneno mawili tu yanatosha kukupatia kikombe cha chai karibu kila pembe ya dunia? La kwanza ni cha, pamoja na ndugu zake chai, shai, çay, tsai na choy. La pili ni te, pamoja na tee, thé, tea, teh na tii. Mwanaisimu wa Sweden, Östen Dahl, aliyachunguza majina haya katika lugha 230 kwa ajili ya atlasi ya miundo ya lugha za dunia. Alikuta lugha 109 zenye neno la ukoo wa cha, 84 zenye neno la ukoo wa te, na 37 tu zenye majina ya asili nyingine.

Je, wajua kuwa koo hizo mbili ni za babu mmoja? Wachina huandika chai kwa alama moja, 茶. Mkazi wa Beijing huisoma chá. Mkazi wa Guangzhou au Hong Kong naye husema cha, kwa lafudhi yake. Lakini ukifika Xiamen, mji wa bandari katika jimbo la Fujian, alama ileile inasomwa tê. Zamani sana neno hili lilianza kwa sauti iliyo karibu na t au d. Sehemu kubwa ya China ikaigeuza kuwa ch, ila wasemaji wa lahaja za Kimin, walio wengi Fujian, wakabaki na t yao. Kwa hiyo Mwingereza anayesema tea na Mswahili anayesema chai wanatamka neno lilelile, kila mmoja kwa namna alivyolisikia kwa Mchina wake.

Je, wajua kuwa alama hiyo yenyewe ilizaliwa kwa kufutwa mstari mmoja? Mwanzoni chai iliandikwa kwa alama nyingine, 荼, iliyokuwa pia jina la mboga chungu za porini. Katika enzi ya utawala wa Tang, kati ya mwaka 618 na 907, mstari mmoja uliondolewa, na chai ikapata alama yake isiyochanganywa na mboga. Katika enzi hiyohiyo, karibu mwaka 760, Lu Yu aliandika Chajing, kitabu cha kwanza tunachokijua kilichoandikwa kwa ajili ya chai peke yake. Humo aliorodhesha majina matano: cha, jia, she, ming na chuan. Manne yamebaki kwa washairi na wasomi. Moja limezunguka dunia.

Je, wajua kuwa ile kanuni inayopendwa sana, kwamba cha ilisafiri nchi kavu na te ikasafiri baharini, inavunjika mara tu ukifika kwetu? Ni kanuni tamu, na ina ukweli ndani yake. Misafara ya ngamia na farasi ilibeba chai kwenda Tibet, ambako huitwa ja, Mongolia ambako ni tsai, Asia ya Kati ambako ni choy au shai, Uajemi ambako ni chay, na Urusi ambako ni chai. Meli za Waholanzi zikabeba te kwenda Ulaya Magharibi. Lakini Wareno nao walikwenda kwa meli, na hadi leo wanasema chá. Na neno chai halikufika Zanzibar, Lamu na Mombasa kwa ngamia. Lilikuja na jahazi, na baadaye meli, kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Kanuni iliyo bora, kwa maoni yangu, ni hii: jina lilimfuata muuzaji. Aliyenunua kwa mtu wa Fujian alipata te. Aliyenunua kwa mtu wa Guangzhou, au wa Macau, au kwa msafara wa kaskazini, alipata cha. Kisha kila mnunuzi naye akawa muuzaji kwa jirani yake, akamwachia jina pamoja na majani.

Je, wajua kuwa herufi mbili za kwanza za neno letu zinatosha kusimulia habari ya bahari yetu? Kiarabu sanifu hakina sauti ya ch, hivyo Waarabu waliposikia chay wakasema shay. Lugha za Afrika zilizolipokea neno kwa mkono wa Waarabu zimebaki na sh hiyo: Wasomali wanasema shaah, Waethiopia wanaozungumza Kiamhari wanasema shai, Wahausa wanasema shayi. Sisi tunasema chai, kwa ch iliyokamilika, kama Waajemi na kama Wahindi. Na wenyeji wa Kuwait, Iraki na sehemu nyingi za Ghuba, ingawa ni Waarabu, mazungumzo yao ya kila siku yana sauti ya ch, nao husema chai vilevile. Kutoka Basra hadi Bombay hadi Unguja, neno linasikika lilelile. Kisha likapanda bara na kuvaa mavazi ya lugha za huko: cai kwa Wakikuyu, caayi kwa Waganda, icyayi kwa Wanyarwanda, icayi kwa Warundi.

Je, wajua kuwa ukienda kusini utavuka mpaka usiowekwa alama, ambako chai inaisha na te inaanza? Malawi wanasema tiyi. Zimbabwe, kwa Kishona, ni tii. Wazulu wanasema itiye. Hao walilipata neno kwa Waingereza au kwa Makaburu, ambao nao walilipata kwa Waholanzi, ambao walilipata kwa watu wa Fujian. Pahala pazuri pa kuusikia mpaka huu ni chini ya mlima Mulanje, ambako chai inalimwa tangu miaka ya 1890. Upande wa Malawi wachumaji wanachuma tiyi. Ukivuka kuingia Milange, upande wa Msumbiji, lugha ya ofisi na duka ni Kireno, na jani lilelile ni chá. Vuka Ruvuma kuelekea kaskazini, umeshafika kwenye chai.

Na Madagaska? Huko ni dite. Wafaransa wanapoomba chai kiasi husema du thé, na Wamalagasi wakayachukua maneno yote mawili kama neno moja. Mauritius na Shelisheli wamefanya hivyohivyo katika Krioli yao.

Je, wajua kuwa Waholanzi ndio walioipa te nguvu ya kuenea? Kampuni yao ya India Mashariki iliundwa mwaka 1602, na katika karne hiyo ya 17 ndiyo iliyoleta chai nyingi Ulaya. Katika bandari za Java na Taiwan walifanya biashara na Wachina wa Fujian, mabaharia hodari waliokuwa wametapakaa visiwani. Jina likatoka kinywani mwa watu hao: thee kwa Waholanzi, thé kwa Wafaransa, Tee kwa Wajerumani, te kwa Wadenmark na Waswidi, tè kwa Waitaliano, té kwa Wahispania, tea kwa Wahungari na Waingereza. Wamalei na Waindonesia hawakumhitaji Mholanzi kuwafundisha. Walikuwa majirani wa Wafujian wenyewe, na wanasema teh.

Wareno walikuwa wametangulia. Tangu mwaka 1557 walikuwa na makazi Macau, kwenye mlango wa Guangzhou, ambako watu husema cha. Ndiyo maana leo unaisikia chá Lisbon, Rio de Janeiro, Luanda na Maputo.

Je, wajua kuwa kuna hadithi inayosambazwa sana kwamba neno tea ni kifupisho cha maneno ya Kireno yaliyoandikwa kwenye makasha ya shehena, yenye maana ya usafirishaji wa mimea yenye harufu? Si kweli, na inafaa ikome. Husimuliwa pamoja na habari ya Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyeolewa na Charles wa Pili wa Uingereza mwaka 1662. Catherine alikuwepo kweli, na kweli aliipenda chai, na mapenzi yake yakaifanya iwe kinywaji cha heshima katika jumba la mfalme. Lakini neno tee lilikuwa limeshachapishwa London kabla hajapanda meli. Tangazo la gazeti Mercurius Politicus la Septemba 1658 liliinadi chai kwa majina matatu kwa mpigo: Tcha, Tay na Tee. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Septemba 1660, Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba aliagiza kikombe cha tee, kinywaji cha China, ambacho hakuwa amewahi kukinywa.

Waingereza, kwa kweli, walianza na cha. Mwaka 1615 mfanyakazi wa kampuni yao ya India Mashariki aliyekuwa Japani alimwandikia mwenzake kumwomba chai bora, akaiita chaw. Te ilipowafikia, kwa muda mrefu waliitamka tei. Alexander Pope, katika shairi lake la The Rape of the Lock, alilifanya liwe na kina kimoja na obey. Waayalandi bado wanaandika tae kwa lugha yao. Na cha haikutoweka Uingereza: hadi leo mzee wa London anaweza kuomba kikombe cha char.

Je, wajua kuwa nchi ya India imegawanyika kati ya majina hayo? Kaskazini ni chay kwa Kihindi, cha kwa Kigujarati na Kibengali. Jimbo la Kerala, kule kusini magharibi, ni chaya. Lakini ukivuka milima kuingia Tamil Nadu, ni tenir, yaani maji ya te, na mitaani watu husema ti tu. Wasinhala wa Sri Lanka, nchi iliyowahi kutawaliwa na Waholanzi, wanasema te. Kerala na Tamil Nadu ni majirani wanaopakana, na lugha zao ni ndugu wa damu. Kwenye neno hili hawapatani.

Je, wajua kuwa Wapolandi wamekataa njia zote mbili? Wao wanasema herbata. Neno hilo limetoka kwenye Kilatini cha wauza dawa, herba thea, maana huko chai iliingia kwanza kama mmea wa tiba. Walithuania wakaifupisha kuwa arbata, Wabelarusi wakasema harbata. Ajabu ni kwamba Mpolandi anaichemsha herbata yake kwenye czajnik, birika lenye jina la Kirusi lililotokana na chai. Ukiangalia vizuri, te imo ndani ya herbata na cha imo ndani ya birika.

Waburma nao wana lao. Chai kwao ni lahpet, na si ya kunywa tu. Majani huchachushwa, yakachanganywa na karanga, ufuta, vitunguu saumu vya kukaanga na kamba wakavu, yakaliwa kama kachumbari. Ya kunywa huitwa maji ya lahpet. Huu ni mmoja wa mikoa michache ya dunia ambako mchai ni mti wa kwao, wala hawakuwa na sababu ya kuazima jina kwa mtu.

Je, wajua kuwa Urusi ilionjeshwa chai kwa zawadi isiyotakiwa? Mwaka 1638 mtawala wa Kimongolia aitwaye Altyn Khan alimtumia Tsar Mikhail majani ya chai, na mjumbe Vasily Starkov alisita kuyapokea, kwa kuwa hakuona faida yake. Baadaye, kwa mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727, biashara ya mpakani ikafunguka, na misafara ikawa inasaga miezi mingi kuvuka Siberia. Chai nyingi ilibebwa ikiwa imeshindiliwa kuwa matofali magumu. Mongolia na Siberia matofali hayo yalitumika kama fedha: unavunja kipande, unalipa, na kinachobaki unakunywa. Neno likaenea kusini na magharibi ya Urusi: ni chai kwa Waukraini na Wabulgaria, čaj kwa Wacheki na Waserbia, ceai kwa Waromania. Wagiriki wanasema tsai.

Je, wajua kuwa si Waswahili peke yao wanaoomba "chai" wakiwa hawana kiu? Mtu akikuambia "nipe ya chai", birika halimo katika mazungumzo. Urusi bakshishi ya mhudumu huitwa na chai, yaani ya chai, nayo ni halali kabisa. India wanasema chai-pani, chai na maji, na hapo inaweza kuwa ahsante au hongo, kutegemea nani anaidai na mlango gani ameusimamia. Vietnam wanasema fedha ya chai na maji, tiền trà nước, kwa maana hizohizo. China nao wana chaqian, fedha ya chai. Chai ni kitu kidogo, cha kawaida, ambacho si adabu kumnyima mgeni, na ndiyo sababu kila aliyetaka kulisitiri ombi lake alilifunika kwa jina hilo. Hili la kutumia jina jema kufunikia jambo baya linaniuma, kwa sababu wanaolipia chai hiyo mara nyingi ni wale waliokosa hata ya kweli nyumbani.

Je, wajua kuwa neno la Kifujian huonekana kwenye magunia ya chai Mombasa kila wiki? Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na leo unauza chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine. Simama ghalani ulitazame gunia moja la karatasi. Kuna jina la kiwanda, namba ya shehena, uzito, na alama ya daraja: BP1, PF1, PD au D1. BP1 ni punje kubwa kubwa. PF1 ni ndogo zaidi, ndiyo inayojaza pakiti na mifuko mingi ya chai unayoijua. PD ni vumbi lenye nguvu, rangi inatoka mara moja. Ile P katika tatu za kwanza ni pekoe, na pekoe ni pek-ho ya Kifujian, yaani unyoya mweupe, ule ufufu laini unaofunika chipukizi changa la mchai. Wafanyabiashara walilichukua neno hilo China karne kadhaa zilizopita, likabaki kwenye vipimo vya biashara hata pale ambapo unyoya wenyewe umesagwa na mashine hauonekani tena. Mkulima wa Kericho au Mufindi huchuma majani mawili na chipukizi, na chipukizi hilo ndilo lililozaa jina.

Jina la kisayansi pia lina safari yake. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mmea huu Thea sinensis, akachukua upande wa te. Leo huitwa Camellia sinensis, na Camellia ni kwa heshima ya Georg Joseph Kamel, bruda Mjesuiti kutoka Moravia aliyechunguza mimea ya Ufilipino. Na Wafilipino wenyewe? Kwa Kitagalogi wanasema tsaa.

Je, wajua kuwa chai inayoitwa nyeusi na Mwingereza ni nyekundu kwa Mchina? Mwingereza alitazama majani makavu. Mchina alitazama maji ndani ya kikombe, akaiita hongcha, chai nyekundu, na Mjapani akamfuata kwa kocha. China kuna chai nyeusi nyingine kabisa, heicha, iliyochachushwa na kukaa muda mrefu, kama pu'er ya Yunnan. Mtanzania hakutaja rangi yoyote: kwake ni chai ya rangi, inatosha. Kenya utaisikia ikiitwa strungi au turungi. Pwani kuna jina ninalolipenda kuliko yote, chai ya mkandaa, maana mkandaa ni mti wa mikokoni ambao gome lake hutoa rangi nyekundu ya udongo, rangi ileile ya chai isiyotiwa maziwa.

Je, wajua kuwa Mmarekani anapoagiza chai tea, amesema chai chai? Kwa Kiingereza cha leo chai peke yake ni ile ya maziwa na viungo, yenye tangawizi, iliki na mdalasini, na tea ni chai kwa jumla. Sisi nasi tuna chai iliyorudiwa mara mbili, lakini yetu ni mmea: mchaichai, nyasi ndefu yenye harufu ya limau. Kata majani yake, yafunge fundo, yatumbukize kwenye sufuria maji yakianza kutokota, na nyumba nzima itajua. Wengi huyachemsha bila jani hata moja la mchai, na bado ni chai, kwa kuwa Kiswahili kinahesabu kitendo kuliko mmea.

Wajamaika wamekwenda mbali zaidi. Kwao tea ni karibu kila kinywaji cha moto: kuna cocoa tea, na kuna fish tea, ambayo ni supu ya samaki.

Japani hunywa mugicha, ambayo ni shayiri iliyokaangwa. Afrika Kusini hunywa rooibos, yaani kichaka chekundu, isiyo na ukoo wowote na mchai. Vietnam kaskazini chè ni chai, na chè pia ni kitindamlo cha maharage, sukari na tui la nazi, kwa hiyo mgeni hana budi kueleza anataka kunywa au kula.

Je, wajua kuwa kwenye lugha nyingi chai ni mlo? Ukiulizwa saa mbili asubuhi, "Umeshakunywa chai?", unaulizwa kama umekula: maandazi, chapati, kiporo cha wali, mihogo, au mbaazi za nazi kwa mahamri. Ukijibu kuwa umekunywa kavu, mwenye nyumba ataanza kutafuta kitafunwa. Guangzhou wana yum cha, kunywa chai, na meza hufurika vitafunwa vya mvuke hadi chai yenyewe isionekane. Kaskazini mwa Uingereza tea ni chakula cha jioni, nyama na viazi. Chile mlo wa jioni wa chai na mkate huitwa once, yaani kumi na moja.

Afrika Magharibi na Kaskazini chai ni muda. Wamoroko husema atay, Wasenegali ataaya, na jina hilo ni la ukoo wa te. Ni chai ya kijani, sukari nyingi, na nanaa. Mpishi huinua buli juu, chai ikashuka uzi mwembamba hadi kwenye glasi ndogo na kufanya povu. Huirudisha ndani ya buli, akamimina tena, na tena. Majani yaleyale hupikwa mara tatu, kila mara sukari ikiongezwa: glasi ya kwanza chungu, ya tatu tamu. Kuondoka kabla ya ya tatu ni kumvunjia mwenyeji heshima. Malaysia nao wana teh tarik, chai ya kuvutwa, humiminwa kutoka kikombe hiki hadi kile kwa urefu wa mkono mzima. Ukitaka isiyo na maziwa wala sukari, unaomba teh o kosong, na kosong ni tupu.

Je, wajua kuwa vijana wa Dar es Salaam na vijana wa Marekani wamelichukua neno hili pande mbili zinazopingana? Kijana wa Dar akisikia habari isiyoaminika husema, "Hiyo chai," yaani uongo. Kijana wa Marekani akiomba tea anaomba umbeya ulio kweli, siri yenyewe bila kificho.

Brazil ukicheleweshwa ukumbini umekaa unasubiri, umenyweshwa chá de cadeira, chai ya kiti. Sherehe ya kumkaribisha mtoto atakayezaliwa ni chai ya mtoto, na ya bibi harusi ni chai ya sufuria.

Hawaii lugha yao haina t, kwa hiyo tea ikawa kī.

Kashmir wana noon chai, na noon ni chumvi. Ni ya rangi ya waridi.

Ghuba, kuanzia Doha hadi Muscat, watu huagiza karak wakiwa ndani ya gari, na mhudumu huwaletea dirishani. Karak ni neno la Kihindi na Kiurdu, maana yake kali, iliyokolea. Chai imeachwa nje ya jina, sifa imebaki.

Korea ibada ya kuwakumbuka wahenga huitwa charye, ibada ya chai. Siku hizi kinachomiminwa ni pombe ya mchele.

Je, wajua kuwa Waturuki hunywa chai kuliko taifa jingine lolote kwa kila kichwa, zaidi ya kilo 3 za majani kwa mwaka, nyingi ikitoka Rize kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, lakini kifungua kinywa chao bado kinaitwa kahvaltı, kinacholiwa kabla ya kahawa? Iran nako chai hunywewa kwenye qahveh-khaneh, nyumba ya kahawa. Kahawa ilitangulia kufika, ikayashika majina, kisha chai ikaja ikavichukua vikombe.

Na rangi? Mjapani rangi ya mbao, ya udongo mkavu, ya viatu vya ngozi, huiita chairo, rangi ya chai. Mswahili, ambaye hunywa chai asubuhi na jioni, huiita kahawia. Mturuki husema kahverengi, naye pia amewapa wenye kahawa.